Risiti Moja, Forodha Mbili

Desemba 2019 nilirudi kutoka Dubai na mashine ya kukandia unga, nzito kama mtoto wa miaka minne. Niliinunua Deira, dirhamu 3,150, na muuzaji alipoona pasipoti yangu akabandika karatasi ndogo nyuma ya risiti. "VAT yako utairudishiwa uwanja wa ndege," akasema. Kule kodi hiyo ya ongezeko la thamani ni asilimia 5, ilianza mwaka 2018, na anayenunua kuanzia dirhamu 250 katika duka lililojiunga na mpango wa watalii anaweza kuidai.

Siku ya safari ilibaki kidogo tu niadhirike. Nilishaanza kusukuma toroli kuelekea kukabidhi mizigo, mama mmoja wa Mombasa akanivuta mkono: "Dada, kwanza kule kwenye dirisha la VAT! Wakitaka kuuona mzigo na umeshaingia tumboni mwa ndege, utawaonyesha nini?" Nikageuza toroli. Foleni ilikuwa ya kutosha kula pakiti nzima ya korosho. Dirishani wakatazama risiti, pasipoti na boksi, basi.

Hesabu yao haikuwa niliyoitegemea. Kodi ndani ya ile bei ilikuwa dirhamu 150. Wanarudisha asilimia 85 yake, halafu wanakata dirhamu 4.80 za huduma. Nikapewa dirhamu 122 na senti kidogo. Hata hivyo nilijiona mjanja, nikatumia mia kwa tende na manukato kabla ya kupanda ndege.

Dar es Salaam, afisa wa forodha aliliangalia boksi, kisha akaniangalia mimi. "Mama, hii ya biashara?" Nikamwambia ya nyumbani, na ni kweli, ingawa majirani zangu wangecheka. "Risiti unayo?" Ninayo! Nilikuwa nimeitunza kama cheti cha ndoa, kwa ajili ya zile dirhamu. Nikampa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Wakati huo msafiri aliyerudi na vitu vyake binafsi alisamehewa hadi dola 500. Nilimwonyesha kwamba VAT ya Dubai nimeshairudishiwa, naye, Mungu ambariki, akahesabu kwa dirhamu 3,000, yaani kama dola 817. Ziada ikawa 317. Ushuru asilimia 25, dola 79. Kisha VAT yetu ya asilimia 18, na hapo ndipo panapouma, kwa sababu inatozwa juu ya bei pamoja na ushuru wenyewe: dola 71 nyingine. Kama laki tatu na nusu, bila kutaja tozo ndogondogo. Nililipa, nikapewa stakabadhi.

Mume wangu alikuwa nje na gari. Nilikuwa nimeshamtumia ujumbe wa majigambo kutoka Dubai, kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa, "Haya, ziko wapi hela ulizorudishiwa?"

Nikampa dirhamu 22.