Usipime stauti kwa mizani ya laga

Mtu aliyezoea laga, yaani bia nyepesi kama Tusker au Kilimanjaro, akipewa stauti hukunja uso na kusema mbaya. Hapo amesema anachokipenda tu, bia yenyewe hajaihukumu. Stauti hupikwa kwa shayiri iliyokaangwa ili iwe nyeusi, chungu, na yenye harufu ya kahawa. Swali la haki ni kama bia imetimiza yale yanayotakiwa kwa aina yake.

Kwenye baa zetu utaulizwa baridi au ya moto. Kwa kuonja, zote mbili hazifai. Bia ya nyuzi 2 huganzisha ulimi, harufu haipandi, na kasoro zote hujificha. Ya moto hutoka povu ovyo, na ukali wa kileo hutangulia puani. Laga ionjwe kwenye nyuzi 5 hadi 7, stauti 10 hadi 13. Kama huna kipimajoto, kwa hali ya hewa ya pwani toa stauti kwenye friji dakika 20 kabla, laga dakika 5.

Glasi ziwe za umbo moja na zisiwe na hata chembe ya mafuta, maana mafuta huua povu. Lowesha glasi kwa maji: yakitandaa sawasawa ni safi, yakijikusanya matone matone ioshe tena na uisuuze sabuni yote. Mimina mililita 80 hadi 100, ubakize nafasi juu ili harufu ikusanyike.

Majina yafichwe. Mtu asiyeonja azifunge chupa kwa karatasi, aziandike namba, na amimine yeye. Nembo unayoipenda hupandisha alama bila wewe kujua. Mpangilio uanze na nyepesi uishie na nzito. Ukitanguliza stauti, laga inayofuata itaonekana maji matupu hata kama imepikwa vizuri. Katikati kunywa maji na utafune mkate mkavu. Nyama choma na pilipili zisubiri, manukato na sigara vivyo hivyo. Aina sita zinatosha. Zaidi ya hapo ulimi unachoka na kileo kinaanza kuamua.

Nusa mara tu bia inapomiminwa, kwa sababu harufu nyingine hupotea ndani ya dakika moja. Kisha tazama rangi na povu, halafu onja. Meza kidogo, usiteme kama waonja mvinyo: uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, huja mwishoni na kubaki kooni. Andika kabla hujamsikia mwenzako, maana akishasema “ndizi,” kila mtu mezani ataanza kusikia ndizi.

Mfano huo wa ndizi una uzito wake. Bia ya ngano ya Bavaria inatakiwa kuwa na harufu ya ndizi na karafuu, na zote mbili hutoka kwenye hamira. Ikikosekana, punguza alama. Ukiikuta ndizi hiyohiyo kwenye laga, mara nyingi hamira ilifanya kazi kwenye joto kubwa mno, na hiyo ni kasoro. Uchachu nao ndio sifa ya lambiki, bia ya kienyeji ya Ubelgiji, ila kwenye laga ni dalili ya bakteria. Kwenye stauti ya maziwa utamu usikushangaze: ni laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila.

Harufu ya siagi kwenye laga huonyesha kwamba mara nyingi hamira haikupewa muda wa kumalizia kazi. Ya mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea, hasa kama bia haikuchemshwa vya kutosha ili harufu hiyo itoke na mvuke. Ya tofaa bichi ni ya bia changa.

Lakini zipo kasoro mbili ambazo mara nyingi mpishi hana hatia nazo. Ladha ya kadibodi iliyolowa hutokana na oksijeni, na huja haraka zaidi chupa ikikaa stoo yenye joto. Harufu ya kicheche husababishwa na mwanga unaovunja viambato vya hopsi. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani na nyeupe haziwezi. Ukikutana na mojawapo, angalia tarehe, kisha ufungue chupa nyingine kutoka duka tofauti kabla ya kuandika alama.

Kwa alama, mfumo wa BJCP, taasisi ya kuthibitisha waamuzi wa bia iliyoanzishwa Marekani mwaka 1985, unatumika vizuri hata nyumbani: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10, jumla 50. Mwonekano kupewa 3 tu naona ni sawa kabisa, kwani macho ndiyo yanayodanganyika upesi.

Ukidai bia mbili zinatofautiana, thibitisha kwa glasi tatu: mbili za bia moja, moja ya nyingine, mtu azipange bila wewe kuona, kisha utafute iliyo tofauti. Kubahatisha tu hukupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia mara kadhaa. Usipoweza kuitambua ile tofauti, zipe zote alama sawa.