Baba mkwe hakufika Vietnam

Kwetu Pangani mke wa mtu hakai chini kumhoji baba mkwe wake. Unamwamkia, unatenga chai, unaondoka. Ukimsikia anakohoa usiku, asubuhi unamnong'oneza mama mkwe, naye ndiye atakayejua la kufanya. Sasa nifikirie mimi niliyelelewa hivyo, nimekaa mezani Ohio, kalamu mkononi, mbele ya mzee wa miaka 73, namuuliza anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo.

Mama mkwe alikwishafariki. Mume wangu ni dereva wa lori, akitoka leo hujui utamwona lini. Nikabaki mimi.

Mzee aliingia jeshi la anga la Marekani akiwa na miaka 19, na mwaka 1970 akapelekwa Udorn, kaskazini mashariki mwa Thailand, akawa fundi wa majenereta. Ndege za kivita zilikuwa zikiruka kutoka pale kwenda kupiga Laos na Vietnam. Yeye mwenyewe Vietnam hakuikanyaga, na neno hilo alilirudia kila mara kama mtu anayeomba radhi: "Mimi sikufika kule. Walioumia ni wenzangu." Kisukari kilimpata akiwa na miaka hamsini na kitu, presha ikafuata, na miguu ikaanza kufa ganzi. Mwaka 2012 alijaribu kudai fidia ya kisukari serikalini, kwamba kilitokana na sumu za vita, akakataliwa, akaiweka barua kwenye droo chini ya betri zilizokwisha. Mume wangu naye alikuwa ameshaamua: "Baba hakufika Vietnam, achana nayo."

Kwa asiyejua habari yenyewe: kati ya mwaka 1962 na 1971 Wamarekani walimwaga karibu galoni milioni 20 za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya Vietnam, ili adui akose pa kujificha na chakula cha kula. Iliyotumika zaidi ni Agent Orange, jina lililotokana na mstari wa rangi ya chungwa kwenye mapipa. Ilikuwa mchanganyiko wa dawa mbili, 2,4-D na 2,4,5-T. Hiyo ya pili ilipotengenezwa kiwandani iliingia uchafu uitwao dioksini, na huo ndio uliokuja kuwatafuna watu miaka mingi baadaye, Wavietnam kwanza na kwa wingi kuliko wote, kisha askari wenyewe. Thailand hakukuwa na vita, lakini dawa za majani zilitumika kando ya nyua za kambi, nyasi zisipande adui akapenya.

Mwaka ule mzee alipokataliwa, utaratibu kwa waliokuwa Thailand ulitaka uthibitishe kwamba kazi yako ilikuweka kando ya ua huo wa kambi: mlinzi, mtu wa mbwa, na wa namna hiyo. Fundi wa jenereta akathibitishe nini? Majenereta mengine yalikuwa hatua chache kutoka kwenye waya, lakini hakuna karatasi iliyoandika hivyo.

Tangazo nililiona kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, limebandikwa juu ya mashine ya kahawa. Sheria mpya, PACT Act, ilikuwa imetiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Nikasoma nikishikilia kikombe mpaka kahawa ikapoa. Kambi yoyote ya Thailand, kazi yoyote, ilimradi ulikuwepo kati ya Januari 1962 na Juni 1976, sheria inachukulia kwamba sumu ilikugusa. Na kisukari cha aina ya pili kimo kwenye orodha ya magonjwa ambayo huhitaji kuthibitisha yalitoka wapi. Presha nayo ikaongezwa na sheria hiyo hiyo. Unachotakiwa kuonyesha ni mambo mawili tu: ulikuwa pale, na unaumwa.

"Tu," nilisema. Nilikuwa sijui.

Cheti chake cha kuacha jeshi, DD 214, kilisema alitumikia ng'ambo mwaka mmoja. Ng'ambo ipi, hakikusema. Kilitaja nishani ya utumishi wa Vietnam, lakini nishani hiyo walipewa hata waliokuwa Thailand, kwa hiyo haikutosha. Nikasoma kwamba ghala la kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis liliungua Julai 1973, mamilioni ya mafaili yakateketea, moyo ukanidunda. Kumbe kwa jeshi la anga moto ulikula mafaili ya walioacha kazi kabla ya mwaka 1964. La mzee lilisalimika. Tukaliagiza kwa fomu iitwayo SF 180, halihitaji hata senti kwa mwenyewe, tukaanza kungoja.

Wakati tunangoja nikaingia gereji. Nyuma ya mti wa Krismasi wa plastiki kulikuwa na sanduku la viatu la marehemu mama yake, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani, barua alizomwandikia akiwa kijana. Bahasha za ndege zenye ukingo wa bluu na nyekundu, na muhuri wa posta ya jeshi. Pale juu kushoto, jina lake, cheo chake, kikosi chake. Moja ilikuwa na picha: kijana mwembamba kifua wazi, ameegemea jenereta, na nyuma yake uzio, na mbele ya uzio udongo mwekundu mtupu. Hakuna hata unyasi mmoja. Thailand, wakati wa mvua. Niliitazama ile ardhi kuliko nilivyomtazama yeye.

Baadaye faili lilipokuja, lilikuwa na ripoti ya mwaka ya utendaji kazi, na jina la kambi limepigwa taipu wazi. Hiyo ndiyo iliyomaliza kazi. Lakini bahasha nazo nilizitoa nakala nikaambatanisha.

Katikati ya hayo simu zikaanza. Kampuni moja ilimwahidi "asilimia mia", yaani kiwango cha juu kabisa cha fidia, kwa malipo ya kiasi fulani cha nyongeza atakayopata. Mzee alikaribia kukubali, sauti ya yule kijana ilikuwa tamu kama asali. Ninashukuru nilikuwa nimeshapata miadi na ofisa wa wakongwe wa vita wa kaunti. Ohio ina kaunti 88 na kila moja ina ofisi hiyo, na huduma ni bure. Vyama vya wakongwe kama American Legion na DAV navyo vina watu waliosajiliwa kufanya kazi hii bila malipo. Ofisa wetu, mama wa makamo aliyewahi kuwa mwanajeshi mwenyewe, alisikia habari za ile kampuni akavua miwani: "Kuandaa dai la kwanza, sheria hairuhusu mtu kukutoza. Akikupigia tena, mpe namba yangu."

Huyu mama ndiye aliyenifundisha kwamba kuna milango miwili. Ugonjwa ambao hujawahi kuudai unaingia kwa fomu 21-526EZ. Ugonjwa uliokwishakataliwa haurudi kwa mlango huo; una fomu yake, 20-0995, na kubadilika kwa sheria kunatosha kuufungua upya. Kwa hiyo presha na miguu vikaenda huku, kisukari kikaenda kule. Akatuhimiza tupeleke yote kabla mwaka mmoja wa sheria haujaisha, ili malipo yahesabiwe tangu siku ilipotiwa saini. Tulipeleka Juni 2023.

Na ndiye aliyeniokoa kwenye lile jambo. Kisukari kikikaa sana huharibu mambo ya chumbani kwa mwanamume, na hilo lina fidia yake ndogo ya pekee. Fomu ilipofika hapo mimi nilikuwa naangalia dirishani. Mzee anaangalia kofia yake. Mama yule akatutazama, akatabasamu, akaniambia, "Dada, kanisaidie kutoa nakala ya hivi, mashine iko mwisho wa korido." Nilitoa nakala za karatasi ambazo hakuna aliyezihitaji, tena pande zote mbili. Waliyozungumza siyajui mpaka leo.

Kisha ikaja siku ya kupimwa. VA, yaani idara ya wakongwe wa vita, mara nyingi huwatumia madaktari wa kampuni za nje kwa vipimo hivi. Nilimpeleka mwenyewe, nikaruhusiwa kuingia.

Sisi watu wa pwani tunajua sana kudanganya kwa heshima. Mtu ana msiba ndani, anaulizwa "habari za nyumbani?", anajibu "nzuri", ndipo anaendelea, "ila tumefiwa". Mjukuu wake, mwanangu, amemfundisha kujibu shikamoo yangu. Kila asubuhi mzee ananipa "marahaba" ya Ohio, ndefu kama treni, na baada ya hapo "nzuri". Nzuri ya nini, ameshika ukuta.

Daktari akamuuliza, "Unaendeleaje leo?"

"Vizuri sana."

"Miguu je?"

"Ah, uzee tu."

Nilitaka kusema. Malezi yakanifunga mdomo: mkwe anaongea, wewe nani? Dakika ishirini zikaisha, tukaondoka. Majibu yalikuja baada ya miezi: kisukari asilimia 20, presha asilimia 0, miguu imekataliwa, hakuna ugonjwa uliothibitika. Ile "vizuri" yake ilikuwa imenukuliwa kwenye ripoti.

Nilikasirika, na hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mama wa kaunti hakushtuka. Una mwaka mmoja, alisema, na unahitaji vitu ambavyo daktari hakuviona. Kwa miguu, tulikwenda kwa daktari wake wa kawaida, akampeleka kupimwa mishipa ya fahamu. Mashine haiulizi habari za asubuhi. Na mimi nikaandika ushahidi wangu, fomu 21-10210, ambayo mtu yeyote anayemjua mgonjwa anaweza kuijaza. Niliandika la siku ya Thanksgiving. Mzee alishinda na viatu, akakaa mezani, akabeba kuni, akacheza na watoto. Usiku nilipookota soksi zake za kufua, ya kulia ilikuwa imegandamana kwa damu. Ndani ya kiatu kulikuwa na gurudumu la kigari cha mwanangu, lenye chuma chake kimechomoza. Alikuwa amelikanyaga tangu asubuhi, hana habari. Niliandika hivyo hivyo, pamoja na saa, bila kuweka neno "maskini".

Kwa presha, siri ilikuwa kwenye makaratasi ya zamani. Akimeza vidonge, presha yake ni ya kijana, na ukimpima leo utampa sifuri. Lakini kanuni inamtambua pia mtu ambaye kabla ya dawa namba ya chini ilikuwa mara nyingi 100 au zaidi, na sasa hawezi kuishi bila vidonge. Kliniki aliyoanzia ilikuwa imehamia mji mwingine. Niliwapigia mpaka mhudumu akawa ananitambua kwa sauti. Wakatuma kurasa nne kwa faksi: 104, 102, 106, 100. Sijawahi kufurahia presha ya mtu namna ile.

Safari ya pili kwenye kipimo nilimwambia garini, nikiangalia barabara ili nisimtazame usoni: "Baba, leo usimjibu kama unavyonijibu mimi. Mwambie siku mbaya kuliko zote ilivyo." Hakusema kitu. Ndani, alipoulizwa miguu, alinyamaza, halafu akasema, "Huyu binti ananikagua nyayo kila usiku kwa tochi, kwa sababu mimi sijui kama nimeumia." Sikujua kwamba alikuwa macho nyakati zile.

Kisukari kilibaki 20, miguu ikapata 20 kila mmoja, presha 10. Nikajumlisha kwa vidole nikapata 70, barua ikasema 60. Hesabu zao ni kama mkate wa kumimina: wa kwanza anakata kwenye mkate mzima, wa pili anakata kwenye kilichobaki, si kwenye mzima. Miguu miwili huunganishwa na kuongezewa kidogo kwa kuwa ni jozi, ikafika 40. Imebaki 60, kisukari kikachukua 20 ya hiyo, yaani 12, tukawa 52. Imebaki 48, presha ikachukua 10 ya hiyo. Jumla ikawa 57 hivi, wakaisogeza mpaka 60. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wenye herufi K, fidia ya lile jambo. Nilifunua ukurasa haraka.

Fedha za nyuma zilikuja kwa mkupuo, hazikatwi kodi. Lakini kwake kubwa lilikuwa dawa: ukifika asilimia 50, hospitali za VA hazikutozi, na insulini anayoweza kuhitaji kesho haitamlazimu kuuza lori lake la zamani. Picha ya jenereta aliitundika sebuleni. Hakuniambia kwa nini nami sikuuliza. Heshima nyingine bado zipo.

Mwezi uliopita alimpigia simu mwenzake wa Udorn, akapokea mke. Mwenzake alifariki kwa ugonjwa wa moyo uliotokana na kuziba mishipa, nao umo kwenye orodha. Mumewe alikwishaomba enzi za uhai wake, akakataliwa kwa sababu ile ile. Mjane naye ana fidia yake, ina fomu yake, 21P-534EZ. Mzee alinipa simu, akasema, "Ongea naye wewe, mimi nitamwambia kila kitu ni kizuri."

Anaendesha gari kutoka Kentucky, atafika Jumatatu, na tuna miadi saa tatu asubuhi. Nimemwambia alete cheti cha ndoa, cheti cha kifo, DD 214, na kama ana sanduku lolote la barua za zamani, aje nalo lilivyo, asichambue.