Siku moja maishani mwangu: damu kabla haijafika kwenye mashine

Saa kumi na moja alfajiri naamka, na kabla sijanywa chai nampigia mama simu Tanga, ambako wakati huo ni saa nane mchana. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza tena swali ambalo ndugu zangu wengi huniuliza: "Mwanangu, hivi kweli mbwa nao wanaugua saratani ya matiti, mpaka mtu asomee kuwapima?" Nilimjibu kwamba wanaugua, hasa majike wasiohasiwa mapema, na kwamba jeni iitwayo PIK3CA, ambayo huharibika katika uvimbe wa wanawake wengi, huharibika katika uvimbe wa mbwa pia, mara nyingi mahali pale pale.

Nafanya kazi katika maabara ya utafiti jimboni Minnesota, Marekani. Seli za uvimbe zinapokufa humwaga vipande vifupi vya DNA katika damu, na sisi tunavitafuta vipande hivyo kwa wanawake na kwa mbwa. Majibu yetu ni ya utafiti tu, hayachukui nafasi ya mamografia (picha ya eksirei ya matiti) wala ya mkono wa daktari.

Kuanzia saa moja hadi saa tano nilikagua pipeti, nikasafisha meza na kusokota damu ya wanawake wawili, yaani kuizungusha kwa kasi ili plazma, maji ya damu, yajitenge na seli.

Kichupa nilichokisubiri hasa kilikuwa cha jike mmoja wa kilo 15 kutoka kituo cha mbwa wasio na wenyewe, ambaye angepasuliwa kesho yake asubuhi. Damu yake ilitolewa saa mbili, na utaratibu wetu unataka iwe imesokotwa ndani ya saa nne. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Saa nane kasoro robo akaingia msafirishaji, kijana Msomali aliyekulia Nairobi, ambaye huzungumza nami Kiswahili. "Dada, pole, walinipangia vituo vingine vitatu njiani. Lakini sanduku halijapasuka, na kichupa hakijavuja." Alisema kweli. Sanduku, hata hivyo, lilikuwa limekaa nyuma ya gari lisilo na joto, katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na nilipokiinua kichupa niliona chembe za barafu zimeganda ukutani mwake.

Nilikisokota hata hivyo. Plazma, ambayo hutakiwa kuwa ya manjano hafifu, ilitoka nyekundu kama juisi ya rozela. Nilimwita yule kijana aione, kwa sababu nilitaka aelewe, na aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Nilimweleza kwamba kichupa cha mililita 10 hutupa plazma kama mililita 5, na kwamba kila mililita ikiwa na nanogramu 5 za DNA tunapata nakala 7,500 hivi za kila jeni. Ikiwa nakala moja tu katika kila 1,000 imetoka kwenye uvimbe, basi tunatafuta nakala saba au nane. Barafu inapopasua seli nyeupe, DNA yao nzima humwagika humo humo na kuzizamisha hizo chache, na hakuna mashine inayoweza kuzitenganisha tena. Aliomba namba ya mtu wa kulalamikiwa ofisini kwao, akasema ataongea naye mwenyewe.

Kusubiri kesho hakukuwezekana, maana upasuaji wenyewe humwaga DNA ya misuli na ngozi katika damu, na uvimbe ukishaondolewa vipande vyake hutoweka baada ya saa chache. Nilimpigia daktari wa mifugo. Alisita, na nilimheshimu kwa kusita kwake, kwa kuwa mbwa yule alikuwa amekwishachomwa sindano mara moja na hana mtu wa kumsemea. Mwishowe alikubali atoe mililita 10 nyingine, kwa sharti kwamba niende mwenyewe kuichukua.

Nilikwenda jioni, miguu ikiuma. Sijui ilikuwa saa ngapi hasa, giza lilikuwa limeingia. Jike yule alikuwa amelala chali, na chuchu za nyuma, ambako uvimbe hutokea zaidi kwa mbwa, zilikuwa zimenyolewa. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa kama limau. Alinilamba kidole. Nilirudi na kichupa mfukoni, ndani ya koti, ili joto la mwili wangu lisiiache damu igande.

Maabara ilikuwa tupu. Nilisokota mara ya kwanza polepole ili seli zitue bila kupasuka, nikafyonza plazma bila kugusa tabaka jembamba jeupe lililo juu ya seli nyekundu, nikasokota mara ya pili kwa kasi kubwa zaidi. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa uchovu, kwa hiyo niliegemeza kiwiko mezani. Plazma ilitoka safi, manjano kama mafuta ya alizeti. Niliigawa katika vichupa vidogo vinne, nikaandika namba na saa ya kusokotwa, kisha nikaviweka katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, safu moja na vya wale wanawake wawili wa asubuhi.