Nyumba ya Mkomani Isiyoonekana Kutoka Dubai

Mwaka 2021 nilikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti pale Lamu, na kazi iliyonikaa rohoni mpaka leo ni ya nyumba moja ya Mkomani. Mwenyewe, mama mtu mzima aliyepangisha vyumba kwa wageni, alikuwa amefungiwa kamera mlangoni na uani. Mwanawe aliyeko Dubai alitaka kuzitazama kwa simu, lakini hazikufunguka.

“Mwanangu, wewe ndiwe fundi,” aliniambia. “Kila usiku anipigia, haoni kitu.”

Ruta, kifaa kinachoiingiza intaneti nyumbani, ilikaa ndani ya kidaka, kati ya bakuli mbili za kaure, imejaa vumbi la chokaa. Nilipoingia kwenye mipangilio yake, nikakuta imepewa anwani ya intaneti, ile namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, inayoanza na 100.64. Basi nikajua. Hiyo ni anwani ya ndani ya mtandao wetu; nyumba nyingi za mji zilitoka nje kwa anwani moja tu ya umma, kama wapangaji wanaotumia mlango mmoja wa barabarani. Kutoka, wote wanatoka, ila anayepiga hodi kutoka nje hajulikani amemjia nani.

Hatukufanya hivyo kwa kupenda. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ina anwani takriban bilioni 4.3 tu, na hazina kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011. Afrika tulibaki na akiba ya AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani, kule Morisi, nayo tangu Januari 2020 ilikuwa kwenye hatua ya mwisho ya kugawa, kwa mafungu madogo madogo. Kununua kwa wenye nazo kunahitaji mfuko mnene.

Dawa ni IPv6, toleo jipya lenye anwani nyingi mno, za kutosha kila nyumba kupata yake. Nikampigia bosi, naye hakunificha. Matoleo hayo mawili hayaelewani moja kwa moja, kwa hiyo ingebidi tuyaendeshe yote pamoja na kuyalinda yote. Programu yetu ya malipo ilimtambua mteja kwa anwani ya zamani. Na waliotuuzia intaneti kutoka bara walikuwa hawajatufungulia IPv6.

“Na mteja gani ameiomba?” akaniuliza.

Swali hilo liliniudhi, na linaniudhi mpaka sasa. Mama yule angeiombaje? Haja yake ilikuwa mwanawe auone mlango.

Nikakagua vifaa. Ruta ilikuwa ya zamani, haina IPv6 kabisa. Kinasa picha cha kamera nilikipekua menyu nzima: pa kujaza anwani palikuwa na visanduku vinne vya tarakimu, yaani vya IPv4, basi. Hata bosi angekubali siku ile, tungekwama humo humo ndani ya nyumba.

Mwishowe tulimpa anwani moja ya umma, kwa nyongeza ya ada kila mwezi. Mwanawe akapiga saa ile ile, akasema anamwona mtu anashusha mifuko ya saruji kwa punda pale mlangoni. Mama akafurahi, akalipa bila neno. Mimi sikuridhika. Niliporudi ofisini nikaanza kuorodhesha ruta zote tulizofunga mjini, ipi inafaa IPv6 na ipi ya kubadilishwa, nikampelekea bosi mezani kwake.