Mto wa Mbu, msipite tu!

Jamani, wengi tunauona mji wa Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, kupitia dirisha la gari tukielekea Ngorongoro. Safari hii nilishuka, nikakodi baiskeli na kijana mwenyeji wa kuniongoza, na nimefurahi kwelikweli.

Mji uko chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Maji yanatiririka kutoka ukingoni hadi kwenye mifereji ya mashamba, ndiyo maana kuna kijani hata kiangazi. Tulipita katikati ya migomba, tukatokea kwenye majaruba ya mpunga. Ndizi za kila aina, hata zile nyekundu! Kilimo hicho cha umwagiliaji ndicho kilichovuta watu kutoka kila kona ya nchi: Wachaga wanapika mbege (pombe ya ndizi), Wamakonde wanachonga mpingo, Wamasai wanaleta mifugo. Kwa wachongaji nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Fundi mmoja alinionyesha anavyofuata mshipa wa mti kabla hajagusa patasi, na tangu hapo vinyago navitazama kwa jicho lingine.

Mchana tulikula wali, maharage na ndizi za kupika kwa mama mmoja, chini ya mwembe. Lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara liko jirani kabisa, wenye muda waingie wakaone msitu na nyani.

Ushauri wangu: kodini waongozaji wa hapohapo, na nunueni vinyago kwa fundi mwenyewe. Masika njia za shambani zina tope, baiskeli inasumbua.