Gari la cheni nne

Frazer Nash, gari la Kiingereza la zamani, haina giaboksi, na difu (gia za nyuma zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona) pia haina. Mwenye gari akikufungulia kifuniko cha nyuma ya viti, unachokiona ni cheni nne zimelala sambamba, kila moja na sproketi zake, yaani magurudumu yenye meno. Ni ndugu kabisa wa zile nilizokuwa nakaza kwenye pikipiki za Boxer pale Tanga kabla sijahamia huku Gloucester, Uingereza.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Nguvu ya injini inapita kwenye klachi, inafuata propela fupi hadi kwenye shafti iliyolala kukingama, kushoto kwenda kulia. Juu ya shafti hiyo kuna sproketi za ukubwa tofauti, na kila sproketi inavuta cheni yake hadi kwenye ekseli ya nyuma. Cheni ya kwanza ndiyo gia namba moja, ya pili ni namba mbili, hivyo hivyo hadi nne. (Za mwanzoni zilikuwa na tatu.) Gari likitembea, cheni zote zinazunguka, ila sproketi za mbele zinaelea tu juu ya shafti mpaka dereva avute mkono wa gia. Hapo meno yanashika sproketi moja na hiyo ndiyo inayobeba kazi. Kubadilisha gia ni kufumba na kufumbua. Cheni ikikatika umepoteza gia moja, tatu zilizobaki zinakufikisha nyumbani. Na kama kesho una mashindano ya mlimani, unabadilisha sproketi jioni, gari linapata mwendo mwingine. Niambie ni giaboksi gani ya leo inayokuruhusu hivyo.

Wenzangu wa gereji huku wakiona cheni kwenye gari wanacheka, wanasema ni ushamba wa zamani. Mimi nasema fundi wa bodaboda atalielewa gari hili kabla wao hawajamaliza kutafuta pa kuchomeka kompyuta.

Archibald Frazer-Nash hakuanza na jina lake peke yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza yeye na H. R. Godfrey walikuwa wakiunda GN, vigari vyepesi vya cheni. Aliachana na kampuni hiyo mwaka 1922, na kufikia 1924 alikuwa anatoa magari yake mwenyewe huko Kingston, kando ya mto Thames. Pesa zilimsumbua, na kabla muongo ule haujaisha kampuni ilikuwa mikononi mwa H. J. Aldington, ambaye baadaye aliiendesha na ndugu zake kutoka Isleworth, magharibi mwa London. Magari yote ya cheni, hadi 1939, yalikuwa kama 350 hivi. Kampuni ya Morris peke yake mwaka 1925 ilitoa zaidi ya magari 50,000.

Kukosa difu kuna bei yake. Magurudumu ya nyuma yanazunguka sawasawa hata kwenye kona, kwa hiyo gari halitaki kupinda, linataka kwenda mbele. Dereva analazimika kulitelezesha tako kwa makusudi, halafu alirudishe kwa usukani. Nililiona hilo Prescott, ile barabara ya mashindano ya kupanda mlima karibu na Cheltenham: TT Replica moja, aina mojawapo ya Frazer Nash, ilipita kona imekaa upande, dereva kiwiko nje, mkono wa gia nao uko nje ya bodi.

Baadaye nilimkuta dereva mwenyewe kwenye maegesho, mzee wa ovaroli iliyolowa oili. Nikaomba kuchungulia. Nikasukuma cheni kwa kidole, kwa mazoea tu.

"Mzee, hii ya tatu imelegea."

Akaijaribu mwenyewe, akanitazama. "Umejifunzia wapi?"

"Kwenye pikipiki."

Hakusema neno. Akaenda kuchukua spana, akanikabidhi.

Kilichoua magari haya si cheni. Mwaka 1934 Aldington alishiriki mashindano ya milima ya Alps, akaona BMW za kule Ujerumani zinavyokimbia huku dereva ametulia kitini. Hakununa. Alikwenda kuzungumza na BMW, akaanza kuziingiza Uingereza kwa jina la Frazer Nash-BMW. Kibiashara alikuwa sahihi, ingawa moyo wangu uko na cheni. Naye Frazer-Nash mwenyewe alishahamia kwenye kazi nyingine: mitambo ya kuzungusha bunduki kwenye ndege za kivita, ile iliyofungwa kwenye Wellington na Lancaster.

Ndugu mlioko Uingereza, klabu ya magari ya kale huwa inakimbiza Prescott mwezi wa Agosti. Mkienda, msing'ang'anie kupiga picha mbele kwenye rejeta. Zungukeni nyuma, ombeni kufunguliwa kifuniko, na msivae shati jeupe, cheni hizo zinatema oili.