Kunguni kwenye Kiberiti

Mzee alirudisha kikombe kwenye sinia, akaniuliza, "Mwanangu, leo umeichemshia viazi?"

Ilikuwa barazani Ujiji, mwaka 2017. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nianze kukaanga kahawa kwa pipa la kuzungusha kwa mkono juu ya mkaa. Birika la kwanza walilisifu. La pili, kutoka mfuko uleule, lilinuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Kashata zikaliwa, kahawa ikamwagwa.

Mzigo niliununua kwenye chama cha msingi huko Manyovu. Usiku kucha nilijiaminisha kwamba wamenichanganyia takataka. Asubuhi nikapanda Hiace, kifua kimejaa maneno.

Mweka hazina wa chama nilimkuta shambani kwake. "Mwakeye, mama," nikasalimu, halafu nikamwaga yote. Hakunijibu. Alitandaza kanga chini ya mbuni, akautikisa. Wakadondoka wadudu wanne watano, hawaizidi punje ya buni kwa ukubwa, migongo ina mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Kusema kweli walipendeza, kama shanga.

"Kunguni wa kahawa," akasema.

Kunguni hutoboa tunda anyonye, vijidudu vya ugonjwa vikapata njia. Punje hiyo kwa macho huwezi kuijua. Hujitangaza ukishaisaga, na moja tu inatosha kuharibu birika zima. Wenzetu wa Burundi na Rwanda wamehangaika na harufu hiyo miaka mingi; mimi, eti mkaangaji, ndiyo kwanza naisikia.

"Tunapogolea matawi, maana anapenda kichaka. Matunda tunayatia kwenye ndoo ya maji, yanayoelea tunayatoa. Lakini hayo yanayoelea ni kilo zetu, baba. Wewe unalipa kilo, usafi hulipi."

Nikayatafuta yale maneno ya kwenye Hiace, sikuyaona.

Tulikaa juu ya magunia na viongozi wenzake mpaka saa kumi jioni, tukapatana nyongeza ya shilingi 500 kwa kilo. Faida yangu ya msimu uliofuata karibu yote iliishia hapo.

Kunguni mmoja nilimtia kwenye kiberiti, nikashuka naye hadi Ujiji. Mzee akakifungua, akamtazama kwa muda, akanigeukia.

"Na huyu naye umemkaanga?"